Msiwafundishe vijana kuiamini mashine wasiyoijua

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu makala ya ukurasa wenu wa teknolojia iliyowaeleza vijana namna ya kujiunganisha na kompyuta kubwa za meinifremu kwa kutumia SSH, programu ya kuingia kwenye mashine ya mbali kwa mawasiliano yaliyofichwa. Kwanza niwapongeze kwa dhati. Ni nadra gazeti la Kiswahili kumwambia kijana wa Muheza au Lindi kwamba mashine hizi bado zipo, bado zinaajiri watu, na kwamba anaweza kuanza kujifunza akiwa nyumbani bila kulipa ada. Mimi ni Mtanga, naishi Columbus, Ohio, na kazi inayonilisha ni kutunza mfumo endeshi wa z/OS katika kampuni ya bima. Kila Jumamosi huwafundisha kwa video vijana wa Tanga, Mombasa na Bujumbura. Baadhi yao ndio walionitumia makala yenu kabla sijaiona mwenyewe.

Ndiyo maana siwezi kunyamaza juu ya kile kisanduku cha hatua mlichokiweka chini ya makala. Kilisema: mashine ikikuuliza kama unaiamini, andika "yes" uendelee. Kikasema: andika nenosiri lako ndani ya faili la profaili, yaani faili la mipangilio yako ya kujiunganisha, ili usiulizwe kila mara. Na mwisho: ikiendelea kusumbua, zima ukaguzi wa utambulisho. Hatua zote tatu zitamfikisha kijana ndani ya mashine, na hilo ndilo linalonitia hofu. Atafika, atafurahi, na atabaki na mazoea ambayo siku akiajiriwa benki yatamfukuzisha kazi au, lililo baya zaidi, hayatagunduliwa na mtu.

Wasomaji wenu wengine huenda wanajiuliza meinifremu ni kitu gani hasa. Aprili 7, 1964 kampuni ya IBM ilitangaza familia ya kompyuta iliyoitwa System/360. Ukoo huo haujakatika. Mashine za leo zinazoendeshwa na z/OS ni wajukuu zake, na zipo programu zilizoandikwa miongo mingi iliyopita ambazo bado zinafanya kazi juu yake. Benki kubwa, kampuni za bima, mashirika ya ndege na idara za serikali katika nchi nyingi hutegemea mashine hizi kila siku. Mtu anapolipa kwa kadi dukani huku Marekani, uwezekano ni mkubwa kwamba meinifremu imehusika mahali fulani njiani. Sasa fikirieni: kijana aliyezoea kusema "ndiyo" bila kuangalia anapewa akaunti kwenye mashine ya namna hiyo.

Kwa miaka mingi njia ya kuingia ilikuwa skrini ya 3270, ile yenye mistari 24 na safu 80, maandishi ya kijani juu ya weusi. Mpaka leo naitumia na naipenda. Lakini ndani ya z/OS kuna pia upande wa UNIX wenye folda, amri na ganda la kuandikia amri kama la Linux, na upande huo ndiko SSH inakokupeleka. Vijana hawa wamekulia kwenye Linux na simu za Android, kwa hiyo mlango huo wanauzoea upesi. Kijana akiingia mara ya kwanza humwomba aandike uname -a, amri ya kuuliza jina la mfumo, na mashine humjibu kwamba inaitwa OS/390, jina la mfumo huu kabla haujaitwa z/OS. Furaha ninayoiona usoni mwao hapo ni kubwa, na ndiyo inayoniamsha mapema Jumamosi.

SSH yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya wizi. Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, ulivamiwa na mtu aliyetega programu ya kunasa manenosiri yaliyokuwa yakipita wazi. Tatu Ylönen, aliyekuwa mtafiti chuoni hapo, akaandika programu ya kuyafunika mawasiliano hayo. Akaomba apewe poti, yaani mlango wa mtandao, namba 22, iliyokuwa wazi katikati ya 21 ya FTP ya kusafirisha mafaili na 23 ya telnet ya kuingia mashine za mbali, njia mbili ambazo alitaka watu waachane nazo. Ufungaji wa fiche ni nusu tu ya kazi aliyoifanya. Nusu ya pili ni kumhakikishia mtu kwamba mashine iliyo upande wa pili ndiyo yenyewe. Ukizungumza kwa siri kubwa na mwizi, siri hiyo haikusaidii kitu.

Hapo ndipo lilipo swali lile ambalo makala yenu iliwaambia vijana walipite. Mara ya kwanza ukijiunganisha, SSH hukuonyesha alama ya kidole ya mashine: neno SHA256 likifuatiwa na mfululizo wa herufi na tarakimu. Hakuna njia ya kompyuta yako kujua yenyewe kama alama hiyo ni ya kweli. Inakuuliza wewe. Na wewe huwezi kujibu kwa kuitazama tu. Lazima uwe umepewa alama sahihi kwa njia nyingine kabla, iwe kwa simu, kwenye karatasi ya mafunzo, au kwenye ukurasa rasmi wa chuo. Msimamizi wa mashine huipata kwa amri ya ssh-keygen -lf juu ya ufunguo wa umma wa seva. Haimchukui dakika moja. Mwanafunzi anayo haki ya kumwomba, na mwalimu anao wajibu wa kumpa kabla hajaombwa.

Kuna urahisi ambao wengi hawaujui. Tangu toleo la 8.0 la OpenSSH, programu ya SSH inayotumiwa na wengi, la mwaka 2019, huhitaji kulinganisha herufi moja moja kwa macho yaliyochoka. Swali likija, badala ya "yes" bandika ile alama uliyopewa. Programu italinganisha yenyewe. Zikifanana utaingia, zikitofautiana itakuuliza tena, na hapo utajua kuna jambo. Wanafunzi wangu wote wanafanya hivyo. Hakuna aliyelalamika kwamba ni kazi.

Baada ya hapo alama huhifadhiwa kwenye faili la known_hosts ndani ya folda ya .ssh, na huulizwi tena. Ila siku moja unaweza kukutana na onyo refu la herufi kubwa linalosema utambulisho wa mashine umebadilika. Makala yenu ilishauri kuzima ukaguzi. Nawaomba mlifute shauri hilo. Onyo hilo lina maana moja kati ya chache: ama msimamizi amebadilisha funguo za seva, ama anwani imepewa mashine nyingine, ama mtu amekaa katikati ya njia. Kwenye meinifremu kuna sababu nyingine inayowachanganya hata watu wazima. Mara nyingi jina moja la mtandao huwakilisha mifumo kadhaa ya z/OS inayofanya kazi kwa pamoja. Leo unapokewa na mmoja, kesho na mwingine, na kama kila mmoja una ufunguo wake, SSH itapiga kelele. Dawa yake ni msimamizi kuipa mifumo hiyo ufunguo mmoja, au wewe kuweka profaili tofauti kwa kila mfumo. Ukishauliza na kuthibitishiwa kwamba badiliko ni halali, futa mstari wa zamani kwa ssh-keygen -R pamoja na jina la mashine, kisha anza upya na alama mpya mkononi. Uliza kwanza ndipo ufute.

Nikija kwenye nenosiri, hapa naomba mnivumilie, kwa sababu meinifremu ina tabia zake ambazo mwandishi wenu hakuzigusa. Mlinzi wa lango kwenye mifumo mingi ya z/OS ni RACF, iliyotoka mwaka 1976. Nenosiri lake la kawaida halizidi herufi 8, na kwenye mifumo iliyopangwa kizamani halitofautishi herufi kubwa na ndogo. Ipo njia ya kutumia kaulisiri ndefu ya herufi 14 hadi 100, lakini si kila mahali imewashwa. Basi nenosiri fupi namna hiyo ukiliandika wazi ndani ya faili, yeyote atakayeazima kompyuta yako, atakayenakili folda yako, au atakayeiona nakala uliyoipandisha GitHub, tovuti ya kuhifadhia programu, kwa bahati mbaya, ameshaingia.

Hata kama hakuna mwizi, nenosiri ndani ya profaili litakugeuka. RACF hupangiwa muda wa nenosiri kuisha, na hupangiwa idadi ya makosa inayoruhusiwa kabla akaunti haijafungwa. Kijana anabadilisha nenosiri kwenye skrini ya 3270 kama alivyotakiwa. Lile la zamani bado limo kwenye profaili. Anafungua Visual Studio Code, programu ya kuandikia msimbo, kiongezi chake cha meinifremu kinajaribu kuingia kwa nenosiri la zamani, kinakataliwa, kinajaribu tena kila anapobofya folda, na kabla hajamaliza kikombe cha chai akaunti imefungwa. Nimepokea ujumbe wa aina hii kutoka Bujumbura na kutoka Tanga, wote ukiwa na huzuni ileile: "Shangazi, sijafanya kitu, wamenifungia." Kweli hakufanya kitu. Profaili ndiyo iliyokuwa ikigonga mlango kwa niaba yake.

Kwa wanaotumia Zowe, ambayo ni programu huria ya kuifikia meinifremu kutoka kompyuta yako, iliyozinduliwa Agosti 2018 chini ya Open Mainframe Project, suluhisho limeshawekwa. Mipangilio hukaa kwenye faili la zowe.config.json, na profaili ya aina ya ssh humo huwa na anwani na poti. Jina la mtumiaji na nenosiri hutajwa kwenye orodha ya mambo ya siri, na thamani zake hazikai kwenye faili kabisa. Huwekwa kwenye hifadhi ya siri ya kompyuta yenyewe, iwe ya Windows, ya Mac au ya Linux. Unaanza kwa amri ya zowe config init, unajibu maswali, na nenosiri likibadilika unaandika zowe config secure ili uweke jipya. Faili la mipangilio unaweza kumpa mwenzako darasani bila kumpa siri yako. Ukitaka kujua kama profaili imekaa sawa, jaribu zowe zos-uss issue ssh "uname -a". Ikijibu OS/390, umefika.

Hata hivyo mimi nawafundisha kutumia jozi ya funguo badala ya nenosiri tangu siku ya kwanza, na ndipo palipo na ugumu wa kweli. Makala yenu ilipapita kwa sentensi moja, nami nitapaeleza kwa kirefu kwa sababu wengi hukwama hapa wakaacha.

Kutengeneza jozi ni rahisi: ssh-keygen -t ed25519 -f ~/.ssh/id_ed25519_meini. Unapata mafaili mawili, moja la siri linalobaki kwako na moja la umma lenye mwisho wa .pub linalopelekwa kwenye mashine. Lipe faili la siri kaulisiri ya kulilinda, maana kompyuta huibiwa na simu huanguka mikononi mwa watu. Mashine ikiwa na OpenSSH ya zamani haitaielewa aina ya Ed25519, iliyoingia na toleo la 6.5 mwaka 2014. Hapo tumia RSA ya biti 4096. Faili la umma linaongezwa kwenye authorized_keys ndani ya folda ya .ssh iliyo kwenye folda yako ya nyumbani upande wa UNIX. Mpaka hapa ni sawasawa na Linux, na kijana aliyewahi kutumia Linux hudhani amemaliza.

Anajaribu. Inakataa. Anatazama faili kwa kulivuta tena kwenye kompyuta yake: limekamilika, hakuna herufi iliyokosekana. Anaandika ufunguo mwingine. Inakataa. Mwaka jana kijana mmoja wa Tanga alinipigia usiku wa manane wa kwao, sauti imemkauka.

"Shangazi, nimelala na hiki kitu, nimeamka nacho. Ufunguo ni uleule, nimeulinganisha, lakini haunitambui."

"Uliupelekaje kule, mwanangu?"

"Kwa sftp."

Nikajua. Meinifremu haiandiki herufi kwa namba zilezile zinazotumiwa na kompyuta zetu ndogo. Kompyuta yako hutumia ASCII, ambamo herufi A kubwa ni namba 65. Upande wa UNIX wa z/OS kwa kawaida hutumia EBCDIC, ambamo herufi hiyohiyo ni 193. Ni kama barua za wazee wetu wa pwani zilizoandikwa Kiswahili safi kwa herufi za Kiarabu: maneno ni yetu, lakini aliyesoma herufi za Kilatini peke yake hataambulia hata salamu. Ukipeleka faili kwa sftp, njia ya SSH ya kusafirisha mafaili, linasafirishwa kama lilivyo, baiti kwa baiti. Linafika likiwa ASCII, na seva inayosoma EBCDIC inaona takataka. Ukilirudisha kwako kwa sftp hiyohiyo unaliona zuri, ndiyo maana yule kijana alishindwa kuigundua hitilafu hata baada ya kulinganisha usiku kucha.

Njia za kutibu zipo tatu. Unaweza kuligeuza faili ukiwa ndani ya mashine kwa amri ya iconv, kutoka ISO8859-1 kwenda IBM-1047, ukaandika matokeo kwenye faili jipya. Unaweza kutumia scp, amri nyingine ya kunakili mafaili, badala ya sftp, kwa sababu scp ya z/OS huchukulia faili kuwa maandishi na kuyageuza yenyewe; ila kompyuta yako ikiwa na OpenSSH 9.0 au mpya zaidi andika scp -O, maana scp yake ya kawaida hupitia sftp. Lakini ukumbuke tabia hiyo siku utakapotaka kupeleka faili ambalo si maandishi, kwani utaliharibu. Njia ninayoipenda ni ya tatu: ingia kwa nenosiri mara hiyo moja, fungua authorized_keys ndani ya kikao, ubandike mstari wa ufunguo hapo. Kikao chenyewe kinageuza herufi zinapopita. Yule kijana alibandika, akatoka, akaingia tena, na sauti iliyotoka kwenye simu iliwaamsha wa nyumbani kwao.

Baada ya herufi kuna ruhusa. Folda ya .ssh iwe 700, authorized_keys iwe 600, yaani zifunguliwe na wewe peke yako, na folda ya nyumbani isiwe ya kuandikwa na kundi wala na watu wengine. Seva ikikuta mlango uko wazi zaidi ya hapo inaukataa ufunguo bila kukueleza sababu. Sababu inabaki kwenye kumbukumbu za upande wake. Ukiwa kwako, ongeza -v kwenye amri ya ssh upate maelezo ya hatua kwa hatua, uone angalau kama ufunguo wako ulionyeshwa au la.

Na kuna kukataliwa kwingine ambako mwanafunzi hana la kufanya. Mtu anaweza kuwa na akaunti halali, akaingia TSO, mazingira ya amri ya z/OS, kwenye skrini ya kijani bila shida, lakini SSH ikamkatalia. Mara nyingi ni kwamba akaunti yake haina sehemu ya OMVS ndani ya RACF, yaani hajapewa UID (namba yake ya utambulisho upande wa UNIX), folda ya nyumbani na ganda la kuanzia, au kundi lake halina GID, namba ya kundi. Hiyo ni kazi ya mtunza usalama wa mfumo. Kijana asiandike funguo mpya usiku kucha. Aandike barua pepe moja ya adabu akieleza kwamba TSO inakubali na SSH inakataa, na aulize kama ana sehemu ya OMVS. Msimamizi akisoma swali hilo atajua anazungumza na mtu anayejua anachokifanya.

Naomba mchapishe pia sura ya profaili yenyewe, maana kisanduku chenu kiliwafanya watu waandike anwani na poti upya kila siku. Kwenye kompyuta, ndani ya faili la config lililomo kwenye folda ya .ssh, mtu aandike hivi:

Host meini
    HostName anwani-uliyopewa
    Port 22
    User jina-lako
    IdentityFile ~/.ssh/id_ed25519_meini
    IdentitiesOnly yes
    ServerAliveInterval 60

Kuanzia hapo anaandika ssh meini, basi. Mstari wa IdentityFile unataja ufunguo uliotengenezwa mahususi kwa mashine hiyo, ili siku ukipotea uondolewe huo tu. IdentitiesOnly ina maana kubwa kwa wenye funguo nyingi: bila huo, kompyuta inaweza kujaribu funguo zote moja baada ya nyingine mpaka seva ichoke na kukata kabla ya kufika kwenye ufunguo sahihi. Na ServerAliveInterval nimeuweka kwa ajili ya watu wetu hasa. Wanafunzi wangu wengi hutumia intaneti ya simu, na mitandao ya simu huyakata maunganisho yaliyokaa kimya. Ujumbe mdogo kila sekunde 60 hukiweka kikao hai wakati kijana anasoma maelekezo.

Hautasaidia mtandao wenyewe ukianguka. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na pwani yetu yote ikazorota, mwanafunzi wa Mombasa alikuwa katikati ya kikao. Alidhani kazi yake imepotea. Lakini alikuwa ameshaikabidhi kwa JES, msimamizi wa kazi wa z/OS, na kazi iliyokwisha kukabidhiwa haimngojei aliyeikabidhi; aliporudi mtandaoni aliyakuta matokeo yake yanamsubiri. Ndiyo maana nawahimiza: kazi ndefu usiiendeshe ndani ya ganda la SSH, ikabidhi.

Jambo moja zaidi, na hili sikuliona kwenye makala yenu ila naliona kila mwezi kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi. Mtu amekwama, mwenzake mwenye huruma anamwambia, "Nitumie faili lako nilitazame." Anatumiwa faili la siri, lile lisilo na .pub. Faili hilo sasa liko kwenye simu za watu mia. Wadogo zangu, nawasihi: kinachotumwa ni .pub peke yake. Ukishatuma la siri, hata kwa rafiki, hata kwa mimi mwalimu wako, ufunguo huo umekufa. Ondoa mstari wake kwenye authorized_keys siku hiyohiyo, tengeneza mwingine. Na kwenye kompyuta ya kukodi mjini usiweke ufunguo hata kwa dakika. Kama huna kompyuta yako, programu ya Termux kwenye simu ya Android hukuwezesha kusakinisha SSH kamili. Funguo zikae kwenye simu yako mwenyewe, yenye namba ya siri, mfukoni mwako.

Najua mhariri atasema nafasi ya gazeti ni ndogo na kijana anataka aanze leo. Aanze leo. IBM wana jukwaa la mafunzo la bure, IBM Z Xplore, na lina mashine ya kweli ya kufanyia mazoezi. Hakuna kitu katika niliyoyasema kitakachomchelewesha zaidi ya jioni moja. Kitakachomchelewesha ni kujifunza upya mambo haya akiwa kazini, mbele ya mkaguzi wa usalama, huku wenzake wa Poland, India na Brazili waliofundishwa vizuri tangu mwanzo wakiendelea na kazi. Vijana wetu nawajua. Wanasoma kwa mwanga wa simu, wanavumilia lugha mbili na mitandao dhaifu, na akili wanayo. Wanastahili maelekezo yaliyo sahihi kama wanayopewa wengine, tena katika lugha wanayoiota usingizini.

Ombi langu kwenu ni kwamba kisanduku kile kichapishwe upya, kikiwa na alama ya kidole badala ya "yes", hifadhi ya siri au jozi ya funguo badala ya nenosiri ndani ya faili, na mstari unaoeleza suala la EBCDIC. Vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko vinavyofundisha somo hili nao waichapishe alama ya mashine yao kwenye karatasi ya siku ya kwanza. Mwandishi wenu akiniletea rasimu, nitaijaribu hatua kwa hatua kwenye mashine ya mazoezi na kuirudisha kabla ya Ijumaa, bila malipo, na wanafunzi wangu wawili wa Tanga wamekwisha kujitolea kuijaribu pia kwa simu zao.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mtanga aliyeko Columbus, Ohio